Kadi ya Kurudi Aprili: Korona Ilivyokatiza Upimaji wa Saratani kwa Akina Mama wa Toi



Soko la Toi wengi wenu mnalijua. Hata kama hukai Kibera wala Kawangware, huenda shati ulilovaa leo lilitoka pale. Soko lenyewe liko ukingoni mwa Kibera, karibu na Adams, na wauzaji wake wengi ni akina mama: wa nguo za mitumba, wa viatu, wa mapazia, wa mboga, wa samaki, wa chai na maandazi. Wanafungua asubuhi na mapema, na wako wasiofunga mpaka giza liwakute.

Katika toleo hili tunataka kuzungumza nao, na waume zao pia wasikilize, juu ya jambo lililopotea siku zile za Korona na ambalo wengine mpaka leo hawajalirudia. Jambo hilo ni kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Tulilifikiria baada ya mama mmoja anayeuza nguo za watoto kututolea kadi kutoka kwenye kibeti chake. Ilikuwa imekunjwa mara nne na pembe zimeanza kuraruka. Ndani iliandikwa kwa kalamu ya buluu kwamba arudi Aprili 2020. Akatuuliza, "Sasa hii bado inafanya kazi?"

Tutairudia kadi hiyo. Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu usipoujua huwezi kuona hasara ilikuwa wapi na wapi haikuwa.

UGONJWA UNAOTEMBEA POLEPOLE

Mlango wa kizazi ni ile sehemu ya chini ya tumbo la uzazi inayofunguka kuelekea ukeni. Saratani ya hapo karibu kila mara husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na ni vya kawaida sana. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani bila kujua. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumnyoshea mwenzake kidole na kusema huu ni ugonjwa wa wanawake wahuni. Mama aliyeolewa akiwa msichana, na ambaye hajamjua mwanamume mwingine maishani, anaweza kuvipata.

Kwa wanawake wengi mwili wenyewe huvifukuza virusi hivi katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache havitoki. Vikikaa miaka, chembechembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika. Hapo bado hatujafika kwenye saratani. Ni kidoa tu, hakiumi, hakitoi damu, hakina harufu, na mwenyewe hawezi kukijua. Kutoka kidoa hicho mpaka saratani kamili ni safari ya kama miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hatumii dawa, safari inaweza kuwa ya miaka 5 hadi 10 tu. Hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya ile ya mwanamke asiye na virusi hivyo.

Kipimo kinachojulikana zaidi katika vituo vyetu ni kile cha siki. Ndiyo, siki kama ile ya jikoni, lakini imetayarishwa kwa kazi hiyo. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kwa taa. Mahali palipobadilika hugeuka pakawa peupe. Kikionekana kidoa, mara nyingi kinaweza kutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa na baridi kali ya gesi au kuchomwa na kifaa kidogo chenye joto. Mama halazwi. Anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kuna pia kipimo cha kutafuta virusi vya HPV vyenyewe, na hiki ndicho Shirika la Afya Duniani lilichopendekeza mwaka wa 2021 kiwe cha kwanza pale kinapopatikana. Hapa Kenya, mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka wa 2018 uliwalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49.

Sasa hebu fikirini. Ugonjwa unakupa zaidi ya miaka 10 ya kuukamata, tena unakamatwa kwa siki. Lakini makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yalionyesha wagonjwa wapya 5,236 hapa nchini na vifo 3,211 katika mwaka huo mmoja. Hiyo ni karibu akina mama 9 kila siku. Korona yenyewe, vifo vilivyothibitishwa nchini kwa miaka yake yote ni kama 5,700. Hatusemi hivi ili kuidharau Korona, maana nasi tulizika watu wetu. Tunasema ili ieleweke kwamba wakati macho yote yalikuwa mlango wa mbele, mwizi wa zamani aliendelea kuingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake.

Tena tuseme ukweli, hata kabla ya Korona mambo hayakuwa mazuri. Uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2015 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, waliowahi kupimwa saratani hii walikuwa kama 16 tu. Korona haikubomoa nyumba iliyokamilika. Ilikuta ukuta mmoja umesimama, ikausukuma.

MACHI 2020

Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka Julai. Matatu ya watu 14 ikaambiwa ibebe 8, na nauli ikapanda. Mikutano ikakatazwa.

Watu wa Toi walipata pigo lao la peke yao. Mwishoni mwa Machi serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa nguo za mitumba nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Agosti. Aliyekuwa na beli aliiuza kwa kuivuta vuta. Kamera ikaisha, watu wakabaki kupigania fagia. Asiyekuwa na beli alikaa. Tarehe 10 Aprili watu walikanyagana pale kwa DO, Kibera, wakati chakula cha msaada kikigawanywa. Mtu aliyekuwa akitafuta unga kwa namna hiyo, huwezi kumuuliza kwa nini hakukumbuka kwenda kupimwa kitu kisichomuuma.

Halafu kuna hospitali zenyewe. Kwa mkazi wa Kibera hospitali kubwa ya karibu ni Mbagathi. Wazee bado wanaiita IDH, kwa maana ilijengwa kuwa hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Mwanzoni mwa Machi 2020, hata kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa, ilitengewa sehemu ya kuwalaza wagonjwa wa Korona. Ilikuwa lazima ifanyike, na hatulaumu mtu. Lakini katika vibanda vya Toi jina Mbagathi likageuka kuwa jina la kuogopwa. Na hofu ya karantini ilikuwa kubwa kuliko hofu ya ugonjwa. Watu walisikia kwamba waliotengwa siku zile za mwanzo walidaiwa gharama ya kutengwa kwao. Mama mmoja alituambia, "Ukikohoa tu kwa foleni, umeenda siku kumi na nne. Na watoto nani atalisha?"

Upande wa wahudumu nao mambo yalibanana. Upimaji wa siki hauwezi kufanywa kwa mbali. Muuguzi lazima amkaribie mama, avae glavu, na wakati ule glavu na barakoa zilikuwa za kutafutwa dunia nzima. Wauguzi wengine walihamishiwa kazi za Korona. Zile kambi za matibabu za Jumamosi, za hema na spika, ambapo mama alipimwa presha, sukari na saratani kwa mpigo mmoja, zilisimama kwa sababu ni mikutano. Hata mashine zina hadithi yake. Kuna aina ya mashine ya maabara inayoweza kupima HPV, kifua kikuu na Korona, ile ile moja. Ukiwa na mashine moja na foleni tatu, unajua ni foleni gani iliyotangulia mwaka wa 2020.

Kuna jambo lingine ambalo lilikuwa jema lakini lilikuja na hasara yake. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi walipewa za miezi mitatu kwa pamoja, ili wasije kliniki mara kwa mara. Hilo liliwakinga na msongamano, na wengi waliona nafuu. Lakini ilikuwa ni katika kwenda kliniki ndipo muuguzi alipokuwa akisema, "Mama, na ile siki umefanya?" Ziara zilipopungua, na swali likapungua. Na hawa ndio wale ambao kidoa chao hakisubiri miaka 20.

Desemba 2020, watu walipoanza kuzoea barakoa, wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma, na mgomo huo ukaingia mwaka wa 2021. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021.

ULAYA NAKO KULISIMAMA

Mtu asidhani ni shida ya Kibera peke yake. Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 105 mwaka wa 2020, na zaidi ya nusu zilisema uchunguzi na matibabu ya saratani yalikatizwa kwa kiasi fulani. Huko Marekani, katika mpango wa serikali wa kuwapima wanawake wasio na uwezo, upimaji wa mlango wa kizazi uliofanywa Aprili 2020 ulishuka kwa asilimia 84 ukilinganisha na Aprili za miaka mitano iliyotangulia. Scotland ilisimamisha upimaji huo rasmi kwa miezi kadhaa.

Lakini ipo tofauti, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana kwa maoni yetu ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mwanamke wa Uingereza jina lake liko kwenye orodha. Wakati wake wa kupimwa ukifika anatumiwa mwaliko. Korona ilipopungua, orodha ilikuwa bado ipo, na barua zikaendelea kutumwa. Mama wa Toi hana orodha inayomtafuta. Ana kadi. Kadi ikipotea, au ikiungua, au tarehe yake ikipita, hakuna mtu popote anayejua kwamba kuna mama fulani alipaswa kurudi. Korona ilichelewesha watu kila mahali. Sisi ilitupotezea.

ALIYECHELEWA NA ALIYEPOTEA

Watu wengine walituuliza kwa hofu: nilipaswa kupimwa 2020, nikapimwa 2021, je, nimejiangamiza? Kama ulipimwa zamani ukawa sawa, na hii ilikuwa zamu yako ya kawaida tu, kuchelewa mwaka mmoja kwa ugonjwa unaotembea miaka 15 si jambo la kukukosesha usingizi. Nenda ukapimwe, basi. Hatutaki kuwatisha watu bila sababu, maana mtu aliyetishwa sana hujificha.

Hasara kubwa iliwapata wengine. Mmoja ni huyu mama wa kadi. Februari 2020 alipimwa kwenye kambi moja, hatutaji ni ya nani. Kidoa kilionekana. Kingeweza kugandishwa siku hiyo, lakini gesi ilikuwa imeisha kabla ya zamu yake. Akaandikiwa arudi Aprili katika kituo fulani. Aprili mnaijua ilivyokuwa. Julai alikwenda, akaambiwa chumba kile kinatumika kwa kazi nyingine kwa sasa, ajaribu mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ukawa wa mgomo. "Baadaye nikaacha," alisema. "Nilijiambia, kama ingekuwa mbaya si ningekuwa nimeshaumwa?"

Hilo neno la mwisho ndilo linalowadanganya wengi. Kidoa hakiumi. Kinapoanza kuuma, mara nyingi hakiitwi kidoa tena.

Wa pili tunamtaja kwa huzuni. Alikuwa akiuza mboga karibu na njia ya kuingilia sokoni. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekwisha miaka mingi, kisha katikati ya mwaka wa 2020 akaanza kuona damu kidogo. Aliona haya kumwambia mtu. Alinunua dawa kwenye kemisti mara mbili, mara tatu. Kila redio ilikuwa ikisema kaeni nyumbani, naye akatii. Alipofika hospitalini mwaka uliofuata, ugonjwa ulikuwa umepita mlango wa kizazi na kushika nyonga. Alipewa matibabu ya mionzi. Alizikwa kwao mashambani mwaka wa 2022, na kibanda chake sasa ni cha binti yake.

Hapa sisi wenyewe tunajilaumu. Katika ofisi hii tulibandika matangazo mengi siku zile: nawa mikono, vaa barakoa, kaa mita moja na nusu. Tuligawa sabuni na ndoo zenye mfereji. Hatukubandika hata tangazo moja la kusema kwamba damu isiyo ya kawaida si ya kukaa nayo nyumbani, Korona iwepo isiwepo. Lingetugharimu karatasi moja.

NA WASICHANA JE?

Tarehe 18 Oktoba 2019, kule Mombasa, Rais Uhuru Kenyatta alizindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo hii huzuia aina za virusi zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Ilipangwa itolewe mara mbili, miezi sita kati ya ya kwanza na ya pili. Hesabu wewe mwenyewe: msichana aliyechanjwa mwisho wa Oktoba alipaswa kupata ya pili mwisho wa Aprili 2020. Shule zilikuwa zimefungwa, na shule ndizo zilizorahisisha kuwapata wasichana wengi kwa pamoja. Mwaka huo wa 2020 waliopata chanjo ya kwanza walikadiriwa kuwa kama asilimia 33, na ya pili asilimia 16.

Chanjo yenyewe ilikuwa tayari na maneno mengi. Wako waliosema itawafanya wasichana wawe wahuni, wengine kwamba itawafanya tasa, na hata ndani ya makanisa kulikuwa na mabishano. Chanjo hii haimfanyi msichana tasa. Saratani ndiyo inayoondoa kizazi, na mara nyingine maisha.

Lakini kuna habari njema. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani, baada ya kupitia tafiti, lilisema chanjo moja tu inaweza kutoa kinga inayokaribiana na ya mbili kwa wasichana na wanawake wa miaka 9 hadi 20. Kwa hiyo yule binti aliyekosa ya pili hakuachwa bila kitu. Wenye virusi vya Ukimwi ndio wanaohitaji zaidi ya moja, na mzazi amuulize muuguzi juu ya hilo. Aliyekosa hata ya kwanza mzazi wake ampeleke akaulize, maana waliokuwa na miaka 10 wakati ule wanazidi kukua.

YALE TUNAYOWAOMBA SASA

Kama una kadi ya zamani, usiitupe wala usione haya nayo. Nenda nayo. Muuguzi hatakugombeza, na akikugombeza nenda kwa mwingine, wapo. Kama kadi imepotea, nenda hivyo hivyo na useme, "Niliwahi kuonekana nina kidoa." Maneno hayo yanatosha, usijifanye unapimwa mara ya kwanza. Toi imeungua zaidi ya mara moja, mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, na tena Oktoba 2024, na vitu vya watu vikaenda na moto. Piga picha ya kadi kwa simu, yako au ya mtoto wako.

Kama unatokwa na damu baada ya kujamiiana, au kati ya siku zako, au siku zako ziliisha na damu imerudi, au una uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha, hiyo si ya kungoja kambi. Nenda wiki hii. Si kila damu ni saratani, mara nyingi ni kitu kingine kabisa, lakini si kemisti atakayejua kwa kukutazama kutoka ng'ambo ya meza.

Uliza pia kama kituo chako kina kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe. Mama hupewa kijiti chenye pamba, huingia chumbani peke yake, hujichukulia sampuli, hurudisha. Kwa wale wanaoona haya ni nafuu kubwa, na sisi tunaona kwamba kama ugonjwa mwingine wa kutufungia nyumbani ungetokea, kipimo cha namna hii kingeweza kuendelea hata hema likikatazwa.

Waume, neno moja kwenu. Mama akisema anakwenda kupimwa, usiulize amefanya nini na nani. Kaa kibandani saa mbili umuuzie. Mnajua bei, na msipojua mtaambiwa na jirani.

Sasa turudi kwa mama wa kadi. Alikwenda, tukamsindikiza. Kidoa kilikuwa kimeenea kuingia ndani ya njia ya kizazi, mahali ambapo baridi ya gesi haifiki, kwa hiyo alipelekwa hospitali kubwa, akakatwa sehemu hiyo kwa waya mwembamba wenye umeme. Kilichokatwa kikapelekwa maabara. Tulingoja majibu pamoja naye wiki kadhaa, na hatutadanganya, tuliogopa. Majibu yalisema bado haikuwa saratani. Ameandikiwa kurudi baada ya mwaka.

Safari hii hakuiachia kadi peke yake. Yeye yuko katika chama cha akina mama 22, cha kuchangiana kila Alhamisi. Chama hicho kina daftari, na mnajua wenyewe daftari la chama lilivyo: mvua inyeshe, kafyu iwepo, soko liungue, katibu anajua nani hajatoa wiki hii na atamfuata mpaka kwake. Wakaongeza safu moja pembeni. Hawaandiki mtu ana nini, maana hayo ni yake na muuguzi wake. Wanaandika tu jina na mwezi wa kurudi. Mwezi ukifika, katibu anauliza mbele ya pesa kuhesabiwa, na asiyekwenda anapangiwa mtu wa kumkalia kibanda.

Tulipoliona daftari hilo lilikuwa na majina 22, na miezi imeandikwa mbele ya 17. Watano waliobaki walikuwa hawajawahi kupimwa kabisa. Katibu alisema wawili watakwenda Jumanne, siku isiyo na wateja wengi, na watatu bado wanabishana naye.